Hamira Ndani ya Vizimba

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja asubuhi hapa Mwanza, mbele ya kina mama wapika pombe za kienyeji, vijana waliosomea maabara, na watu wachache wanaotaka kufungua viwanda vidogo vya bia. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nimepunguza marudio tu, na kuingiza tarakimu nilizokuwa nimeziandika ubaoni.

Mwangaluka. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama mliotoka Igoma, Buhongwa, na nyie mliovuka na kivuko kutoka Kamanga, asanteni kwa kuacha vyungu vyenu siku ya Jumamosi. Najua Jumamosi ndiyo siku ya mauzo.

Nimekuja na bakuli hili. Ndani yake mna vijidonge vyeupe, vyororo, vyenye ukubwa wa punje ya mtama. Kijana mmoja pale mlangoni ameniuliza kama ni mayai ya samaki. Ni hamira. Kila kijidonge kimebeba mamilioni ya chembe hai za hamira ndani ya utelezi ulioganda, kwa hiyo hata nikikimwagia maji ya kimea, yale maji matamu yanayochachushwa kuwa bia, hamira haitawanyiki. Inabaki humo humo, inakula sukari, inatoa kilevi na gesi. Ninyi mnapika pombe na hamira iliyo huru. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya hamira iliyofungwa: inafungwaje, inafaa kwa kazi gani, na kwa kazi gani haifai hata kidogo.

Mama mmoja ameniuliza kabla sijasimama hapa: "Mwalimu, ikifungwa hivyo si inanyongwa?" Mama, swali lako nimelishika. Nitalirudia.

Nianze na mnachokijua. Mama anayepika komoni, pombe yetu ya nafaka, hasugui chungu chake kwa sabuni mpaka king'ae. Anasuuza, anaacha mashapo kidogo, na pombe inayofuata inawahi kuchacha. Ng'ambo ya ziwa, Kagera, ndizi za kupikia lubisi, pombe ya ndizi, zinakamuliwa ndani ya mtumbwi wa mti, na nyufa za mti ule haziishiwi hamira. Hakuna aliyewafundisha wazee wale neno seli wala neno mikroskopu, lakini walijua kwamba kilichobaki chomboni ndicho kinachoanzisha kazi ya kesho. Wakulima wa Norwei nao walichonga pete ya vipande vya mti, wakaitumbukiza kwenye pombe inayotoa povu, wakaining'iniza ikauka. Siku ya kupika tena wanaichovya, na pombe inaamka. Ile pete ni hamira iliyofungwa kwenye mti. Tofauti yake na bakuli langu ni vifaa tu.

Wenye viwanda walichelewa kuliona hilo, ila wenye siki waliwahi. Mwaka 1823 Mjerumani mmoja, Schützenbach, alijaza pipa kubwa vibanzi vya mti, akawa anatiririsha kilevi kutoka juu na kuingiza hewa kutoka chini. Bakteria wa siki walijibandika kwenye vibanzi na kukaa hapo hapo, wakati kilevi kikiwapitia. Siki iliyokuwa ikingojewa kwa wiki nyingi ikawa inapatikana kwa siku chache. Kwenye bia mkondo ulikuwa mwingine. Mwaka 1883, kule Copenhagen, Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg alifanikiwa kuotesha hamira kutokana na chembe moja tu, ili bia ya leo ifanane na ya jana. Dunia nzima ya bia ikamfuata, na kwa muda mrefu kila mtu aliwaza hamira safi iliyo huru ndani ya tangi.

Sasa twende ufukweni kidogo. Nyote mmeviona vizimba vya sato vinavyoelea ziwani. Samaki aliye huru unamtafuta usiku kucha kwa karabai na wavu, mafuta ya injini yanakwisha, na asubuhi huenda ukarudi na ndoo moja. Samaki wa kizimbani unajua alipo. Wewe ndiye unampelekea chakula, naye hakutoroki.

Hamira huru ndani ya tangi ni samaki wa ziwani. Ikimaliza kazi inabidi uisubiri izame, upoze tangi, uchuje, ndipo uipate bia angavu isiyo na ukungu. Halafu usafishe, utie hamira nyingine, uanze upya. Hamira iliyofungwa ni samaki wa kizimbani. Unaipanga ndani ya bomba lililosimama wima, maji ya kimea yanaingia kwa chini, bia inatokea kwa juu, na hamira inabaki ikisubiri yanayofuata. Tena inakaa kwa msongamano. Tangi la kawaida linaanza na chembe milioni 10 hadi 20 za hamira katika mililita moja. Ndani ya vijidonge kama hivi zinaweza kufika bilioni moja kwa mililita. Wafanyakazi wakiwa wengi hivyo kwenye chumba kimoja, sukari inaisha haraka. Kasi hiyo ndiyo iliyowatia watu wazimu wa furaha kuanzia miaka ya 1970.

Kufunga kwenyewe kuna njia kadhaa. Ya kwanza ndiyo hii ya bakulini, kuizingira kwa utelezi. Utelezi huu unaitwa aljinati, unatoka kwenye mwani wa rangi ya kahawia wa baharini. Unachanganya na hamira, unadondosha tone moja moja kwenye maji yenye chumvi ya kalsiamu, na kila tone linaganda likiwa kijidonge. Upo utelezi mwingine, karajini, unaotoka kwenye mwani mwekundu, na hapa nataka tusimame kidogo. Ule mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ndio huo huo. Wanaufunga kwenye kamba, wanauanika mchangani, unauzwa ng'ambo ukiwa mkavu. Aina yake moja, ile wanayoiita cottonii, ndiyo yenye karajini inayoganda imara ukiitilia chumvi ya potasiamu. Watafiti wa bia wa Kanada waliifunga hamira kwa karajini ya namna hiyo. Mwani unaotoka kwenye pwani yetu unaweza kufunga hamira ya bia yetu, na hilo haliniondoki kichwani kila nikiona gunia la mwani likipakiwa melini.

Njia ya pili ni kuibandika hamira juu ya kitu: vipande vya seramiki, kioo chenye vitundu, selulosi, yaani nyuzi za mimea, iliyotiwa chaji ya umeme, vibanzi vya mti. Ukuta wa chembe ya hamira una chaji hasi, kwa hiyo ukiuwekea kitu chenye chaji chanya unanata. Ziko pia hamira zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe mabonge mabonge, hizo hazihitaji kitu cha kuzibeba. Njia ya kuzifungia nyuma ya utando mwembamba ipo, lakini ni ghali na utando unaziba, nisiwapotezee muda.

Sasa nifike penye moyo wa maneno yangu, na vijana naomba mniangalie hapa.

Mfugaji yeyote wa vizimba atawaambia kwamba samaki wakibanana kupita kiasi, wa katikati wanakosa hewa na chakula, na hata wanaoishi hawakui. Ndani ya kijidonge ni hivyo hivyo. Sukari na oksijeni haviingii kwa kumwagika, vinapenya pole pole. Chembe za ganda la nje zinashiba, za kiini zinashinda njaa. Na kwa kuwa nafasi imejaa, hamira inaacha kuzaana. Inaendelea kugeuza sukari kuwa kilevi, lakini haiongezeki.

Mtu atasema, shida iko wapi, si kilevi ndicho tunachokitaka? Hapana. Bia ni harufu na ladha, na harufu ile kwa sehemu kubwa inazaliwa wakati hamira inakua. Ikiwa inazaana inakula asidi amino za kwenye kimea ili ijenge mwili wake, na katika ujenzi huo inaangusha vipande: esta zenye harufu ya ndizi mbivu na matunda, alkoholi nzito zinazoupa mdomo joto. Ukiinyima kukua, asidi amino zinabaki bila kuliwa na esta zinakuja na uwiano mwingine. Unapata kinywaji chenye kilevi kamili na sura ya bia, ila ukikionja unahisi kuna mtu hayupo chumbani.

Kampuni ya Kirin ya Japani iligongana na jambo hilo katika miaka ya 1980. Walitengeneza mtambo wa hatua kadhaa ulioweza kutoa bia kwa siku 3 hadi 5, mahali ambapo njia ya kawaida ilihitaji wiki. Lakini tazameni walivyolazimika kuupanga. Hatua ya mwanzo waliweka hamira huru, wakaipa hewa, ikaachwa izaane na kula asidi amino. Baada ya hapo ndipo maji ya kimea yakapitishwa kwenye hamira iliyofungwa. Yaani katika mtambo wa hamira iliyofungwa, mlangoni palibidi pawe na hamira isiyofungwa. Nilipolielewa hilo niliacha kuuliza "tuifungeje hamira?" nikaanza kuuliza "ni kazi ipi ya hamira isiyohitaji ikue?"

Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa hasara. Miaka ya nyuma, ndani ya chumba cha maabara nilichoazimwa, nilijenga bomba la kioo la mita moja, nikalijaza vijidonge vya aljinati. Siku mbili za kwanza nilikuwa nalala nikiwa na furaha, maana sukari ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu. Siku ya tatu gesi ikaanza kunionyesha. Hamira ikila sukari inatoa kaboni dayoksaidi, na gesi ikikosa njia inakipasua kijidonge au inakipandisha juu kama boya. Vijidonge vikapanda vyote, vikaziba wavu wa kutokea, na bomba likatapika sakafuni. Nikarekebisha, nikaendelea. Baada ya wiki vikaanza kulainika kama uji. Nilikuwa nimesahau kwamba maji ya kimea yana fosfeti, na fosfeti inaipokonya aljinati ile kalsiamu inayoigandisha. Siku ya tisa nikafungua mlango nikakutana na harufu ya mtindi. Bakteria walikuwa wameingia, na kwa kuwa mkondo wa bomba haukatiki wala bomba halimwagwi, walikuwa wanapata chakula kipya kila saa. Kwenye tangi la kawaida ukiharibikiwa unapoteza mpiko mmoja. Bomba linalotiririka likiingiliwa, unapoteza kila kitakachofuata mpaka ulivunje.

Kwa hiyo, kazi isiyohitaji hamira ikue ni ipi?

Ya kwanza ni kukomaza bia. Hamira inapochacha inaacha kitu ambacho baadaye kinageuka diasetili. Diasetili inanukia samli. Mimi ni mtoto wa wafugaji, samli naipenda sana kwenye ugali, lakini kwenye bia ya lager siitaki, na ulimi wa mwanadamu unaikamata hata ikiwa kiasi cha miligramu 0.1 kwa lita. Bia ikiachwa tangini kwa baridi, hamira iliyobaki inaila diasetili hiyo taratibu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya zile wiki za kungoja. Hapa hamira haitakiwi kuzaana. Inatakiwa iwepo kwa wingi, igusane na bia, ifanye usafi, basi.

Wafini, watu wa Finland, waliliona. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha Sinebrychoff kilikuwa kinachukua bia iliyokwisha kuchacha, kinaondoa hamira huru, kisha kinaipasha moto karibu nyuzi 90 kwa dakika chache bila kuacha oksijeni iingie. Joto linakimaliza kile kinachozaa diasetili. Halafu bia inapoozwa na kupitishwa kwenye mabomba yaliyojaa selulosi yenye hamira iliyonata, inayomalizia diasetili iliyobaki. Bia inakaa humo saa 2 hivi. Kazi ya wiki kadhaa kwa saa 2, na ladha haikupotea, kwa sababu ladha ilikwisha kuzaliwa mapema, ndani ya tangi, na hamira iliyokuwa huru kukua.

Kazi ya pili ni bia isiyo na kilevi. Ukiyapitisha maji ya kimea haraka kwenye hamira iliyofungwa, kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0, hamira haipati nafasi ya kutengeneza kilevi cha maana, lakini inawahi kuiondoa ile ladha ya uji mbichi wa kimea. Uholanzi wameifanya kibiashara. Niwe mkweli kwenu: kinywaji hicho kwa kawaida kinakuwa chini ya asilimia 0.5 ya kilevi, na si sifuri. Anayekiuza kwa mtu aliyejizuia kwa dini yake au kwa dawa anazotumia aiandike tarakimu hiyo mbele ya chupa, kwa herufi zinazosomeka.

Kwa nini nawaambia haya Mwanza? Kwa sababu hapa mchana joto linafika nyuzi 28 na zaidi, na kulitunza tangi kwenye baridi kwa wiki tatu ni kulipa umeme wiki tatu. Umeme ukikatika ni jenereta. Na tangi lililojaa bia isiyouzika ni mtaji uliolala, nanyi vijana wenye matangi mawili mnalijua vizuri. Anayefungua kiwanda kidogo akiniuliza afupishe wapi, nitamwambia asiuguse uchachushaji wa mwanzo. Auache uende kwa siku zake, na hamira yake huru. Afikirie mwisho wa safari, pale bia inapongoja. Lakini asijenge bomba kama anapika mara moja kwa mwezi. Hamira iliyofungwa haipendi kuwekwa kiporo. Bomba linataka bia inayokuja kila siku, na mtu anayeamka usiku kulitazama.

Kwa gharama ya vifaa, msiagize seramiki kutoka Ulaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minho, Ureno, walichukua machicha ya kimea yaliyobaki kiwandani, wakayachemsha kwa asidi kisha kwa magadi makali, yaani soda kaustiki, yakabaki maganda matupu ya selulosi, na hamira ya bia ikanata juu yake vizuri. Walijaribu na magunzi ya mahindi. Nani hapa hana machicha? Nani hapa Usukumani amekosa magunzi? Machicha yetu tunawapa nguruwe, na nguruwe wataendelea kupata, maana bomba moja halihitaji gunia. Vijana wa maabara, hii ni kazi yenu, na ningefurahi kuiona imeanza kabla sijazeeka zaidi ya hivi. Ila asidi na magadi makali si vitu vya kuchezea jikoni. Vifanyiwe maabara, kwa glavu na miwani, na maganda yasuuzwe mpaka maji yasiwe makali wala machungu.

Kina mama wa komoni, kwenu nina neno tofauti. Msifunge hamira ya komoni. Komoni inanywewa ikiwa hai, na ukungu wake, na uchachu wake unaotokana na hamira na bakteria wanaofanya kazi pamoja. Ukiifunga hamira na kuichuja, umeua kinywaji. Kinachowafaa ninyi ni ile akili ya pete ya Norwei. Chukueni dodoki, lile lile la kuogea ila jipya, lisiloguswa na sabuni. Lichemsheni, likipoa litumbukizeni kwenye mpiko mliouridhia kuliko yote, wakati povu limepanda. Litoeni, likaushwe kivulini mahali pasipo nzi. Nyuzi za dodoki zinashika hamira kama mwamba unavyoshika konokono. Mimi nimetunza hivyo, na mpiko uliofuata ukaamka kwa namna ile ile. Likinuka vibaya au likiota ukungu wa rangi, litupeni bila huruma, mbegu mbovu haiokolewi.

Mama wa swali la asubuhi, sijakusahau. Umeuliza kama inanyongwa. Njoo hapa mbele, tafadhali, mwachieni mama apite. Hili ni bomba la sindano lenye hamira iliyochanganywa na aljinati, na hili ni bakuli la maji ya kalsiamu, ile inayoruhusiwa kwenye chakula. Dondosha pole pole, tone moja moja, usiharakishe. Mnaona linavyojikunja likawa duara? Tutaviacha nusu saa vigande, tukanywe chai. Tukirudi tutavisuuza tuviweke kwenye glasi ya maji ya sukari yenye uvuguvugu. Mwanzoni vitazama vyote. Mkae navyo, msiondoke. Baada ya muda mtaona kimoja kimeinuka kutoka chini na kikapovu ubavuni, kisha cha pili.